Mstari Juu ya Maji
Ukitoka Dallas, mtaa wa mji wa Embu, kuelekea Meru, utavuka Mto Thuci na kuingia kaunti ya Tharaka-Nithi bila kuulizwa kitambulisho. Mipaka ya mataifa haina upole huo. Mwanajiografia Gerald Blake wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, aliishughulikia miaka mingi, na mwaka 1989 akaanzisha huko kituo cha kuitafiti. Ni kazi ya ramani, vipimo na mikataba mikuukuu, haina shangwe. Lakini Somalia ilipoishtaki Kenya kuhusu mpaka wa baharini, majaji wa mahakama ya kimataifa mjini The Hague walianza na kazi hiyohiyo: mwaka 2021 walichora mstari wa kati, kisha wakausogeza kaskazini kidogo, kwa faida ya Kenya. Kenya iliikataa hukumu hata hivyo.