Ulikuwa Chumba Gani?



Najua wengine mmefungua hapa mkitegemea tafakari ya Injili kama kawaida. Leo naanzia mbali kidogo, kwenye gemu. Nivumilieni, maana nina dhambi ya kusimulia, na bila kulieleza gemu hamtaielewa.

Nyumbani ni Lukuledi, kwenye barabara ya kutoka Masasi kwenda Nachingwea, pale Wabenediktini walipoanzisha misheni mwaka 1895. Desemba mikorosho inakuwa imeanza kuchoka, wazee wanasubiri malipo, na sisi vijana tumejaa likizo. Jioni baada ya mazoezi ya kwaya tulikuwa tunakaa chini ya mwembe, mmoja anawasha hotspoti, tunacheza Among Us bila hata kumaliza bando, kwa sababu simu zilizoungana pamoja zinaweza kucheza zenyewe kwa zenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kulicheza: mko ndani ya chombo cha anga, kila mmoja ana kazi zake za kutengeneza hiki na kile. Kati yenu kuna msaliti mmoja au zaidi. Msaliti anaua kimyakimya na kuharibu mitambo. Wema wakimaliza kazi zote, au wakimtoa msaliti kwa kura, wameshinda. Lilitoka mwaka 2018, likalipuka mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani na korona, na huku kwetu lilifika likiwa limeshapoa mjini. Kama kila kitu.

Mgeni akija tulikuwa tunamfundisha mambo mawili, njia na maneno.

Njia kwanza. Usianze kukimbia ovyo. Ramani ya kwanza ni mviringo, na vyumba vyake tumevipa majina yetu, maana yale ya Kiingereza yanamchelewesha mtu. Pale mnapoanzia ni bwalo. Ukitoka bwaloni ukashika kulia unapita chumba cha silaha, halafu mwisho kabisa wa mashariki ni usukani, ambako unachora njia ya chombo. Ukishuka unakuta ngao, kisha mawasiliano, kisha stoo. Kutoka stoo ukipanda moja kwa moja umerudi bwaloni. Upande wa kushoto kuna umeme na injini, na huko, ndugu zangu, usiende peke yako siku ya kwanza. Zunguka upande wa kulia mara mbili tatu mpaka miguu izoee, na kila ukiingia chumba, taja jina lake moyoni. Utaona kwa nini.

Maneno sasa. Mnapotembea hakuna kuongea. Mnaongea kwenye kikao tu, mtu akikuta maiti au akibonyeza kitufe cha dharura. Kikao kina muda, kwa hiyo usianze na hadithi. Sema mahali, sema uliyemwona, nyamaza. “Maiti iko stoo. Nimetokea mawasiliano. Nimepishana na wa kijani.” Inatosha. Kama hukuona kitu, sema hukuona kitu. Kuna kitufe cha kupitisha bila kumpigia mtu kura, nacho wageni wengi wanakionea aibu, wanadhani kukibonyeza ni uoga.

Msaliti anajua thamani ya mawasiliano kuliko sisi. Akiyaharibu, orodha yako ya kazi inapotea, kamera zinazimika, unabaki unatangatanga. Mmoja lazima akimbie kwenye kile chumba azungushe kitufe taratibu mpaka mawimbi yatulie, kama babu anavyotafuta stesheni ya redio. Na ukiuawa hujamaliza. Unakuwa mzuka, walio hai hawakusikii tena, lakini kazi unazofanya bado zinahesabiwa kwa timu yako. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifikiria watakatifu. Tuliache, hiyo ni tafakari ya Novemba.

Basi jioni moja akaja mdogo wetu mmoja. Nitamwita Dogo. Alikuwa amemaliza mitihani ya kidato cha pili, mtumishi wa altare, mpole, simu yake kioo kimepasuka kama ramani ya mito. Hakuna aliyemfundisha njia. Tulikuwa na haraka ya kuanza.

Kikao cha kwanza tu, kaka mmoja akauliza, “Dogo, ulikuwa chumba gani?” Dogo hakujua jina la chumba. Akasema, “Kile chenye… chenye mitambo.” Vicheko. Vyumba vyote vina mitambo! Tukamtoa. Chombo kikamtupa nje, maandishi yakatokea kwamba hakuwa msaliti. Raundi ya pili hivyohivyo. Raundi ya tatu hata hakujibu, alitutazama tu, nasi tukasema kimya chake kina walakini. Mara zote tatu hakuwa yeye. Tulicheka sana. Na tangu siku hiyo “Dogo alikuwa chumba gani?” likawa neno la utani. Mtu akipoteza kalamu, Dogo alikuwa chumba gani. Sahani ikivunjika, Dogo alikuwa chumba gani.

Mpaka hapo mtaniambia ni mchezo. Nami nakubali. Kuna wanaoniuliza kama kudanganya ndani ya gemu ni dhambi. Kwa maoni yangu, pale wote mmekubaliana kwamba mmoja atapewa nafasi ya msaliti, hakuna anayedanganywa zaidi ya alivyokubali mwenyewe, sawa na anayeigiza Yuda kwenye igizo la Ijumaa Kuu. Ila gemu lina tabia ya kutoka ndani ya simu.

Januari tulikuwa tunakusanya nauli ya vijana kwenda Ndanda, kwenye abasia. Jumatatu moja asubuhi mtunza hazina akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba shilingi 42,000 hazipo kwenye kibweta. Jumamosi yake aliyebaki nyuma kufagia alikuwa Dogo. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaandika, na vikatuni vinne vya kucheka: “Dogo alikuwa chumba gani?”

Mimi ndiye niliyeandika, wala sikusikia kwa mtu.

Ndani ya dakika kumi watu wakaanza kupiga kura. Wa kwanza alitania, wa pili alitania, wa tano sikuwa na uhakika. Mmoja akaandika kwamba hata kwenye gemu huwa hajibu. Mwingine akasema amemwona na viatu vipya. Dogo aliandika mara moja tu, “Sijui.” Usiku akatoka kwenye kundi. Jumapili hakuwa altareni. Jumapili iliyofuata hakuwa kanisani.

Siku ya kumi na moja mtunza hazina akafungua kitabu chake cha nyimbo, akakuta karatasi. Alikuwa amemlipa dereva wa Hiace kianzio, akasahau kuandika kwenye daftari. Akatutangazia kwa furaha kabisa, hela zimeonekana! Watu wakaweka vidole gumba. Hakuna aliyemtaja Dogo, na mimi pia nikaweka kidole gumba.

Kwaresima ikafika. Jumatatu ya wiki ya tano nilikuwa zamu ya kusoma somo la kwanza. Ni lile la Susana, Danieli sura ya 13, ambalo ndugu zetu wengi wasio Wakatoliki hawana kwenye Biblia zao. Mnalijua. Wazee wawili, waamuzi, watu wa heshima huko Babeli, wanamsingizia mke wa Yoakimu kwamba wamemkuta na kijana bustanini. Kusanyiko lote linawaamini kwa sababu ni wazee. Anahukumiwa afe. Yuko njiani kupelekwa, ndipo kijana mdogo anapopaza sauti kwamba yeye hana sehemu katika damu ile.

Nilikuwa nasoma vizuri tu, sauti imetulia, mpaka nilipofika pale Danieli anapowatenganisha wale wazee na kumuuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Mmoja anataja mti huu, mwenzake mti mwingine. Uongo umekwisha hapo.

Chini ya mti gani? Ni swali letu lilelile. Ulikuwa chumba gani, uliona wapi. Lakini nikiwa nimesimama pale mbele ya watu nikaona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita. Danieli hakumuuliza Susana. Aliwauliza walioshtaki. Sisi chini ya mwembe, na mimi kwenye simu, tulimuuliza aliyeshtakiwa. Tukamwambia athibitishe mahali ambapo hakuwepo, kwa lugha ambayo hatukumfundisha, kisha tukahesabu kigugumizi chake kuwa ushahidi. Na hakuna hata mmoja aliyenigeukia mimi akasema, wewe uliyeanza, uliona nini? Umeona wapi? Ningeulizwa hivyo ningenyamaza, maana nilikuwa nakunywa chai.

Wageni wa gemu, liwekeni hili juu ya yale yote niliyoyasema kuhusu ramani. Mtu akimtaja mwenzake kikaoni, mgeukieni aliyetaja kwanza.

Katekisimu namba 2477 inatenga makosa matatu ambayo sisi tunayachanganya na kuyaita umbea. Kuna kumdhania mtu kosa bila msingi wa kutosha, hata kama ni moyoni tu. Kuna kutangaza kosa la kweli la mtu kwa wasiohusika. Na kuna kumsingizia. Mimi ningeweza kujitetea kwamba sikumsingizia, niliuliza tu swali. Nilijitetea hivyo kwa muda mrefu. Alama ya kuuliza ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Nilikwenda kitubio. Nilieleza kwa kirefu, nikajumlisha na gemu ili lisikike jepesi. Padre alinisikiliza, akaniuliza, “Uliyaandika wapi?” Nikasema kwenye kundi. “Basi karekebishe hukohuko. Halafu uende kwao kwa miguu yako.”

Kuandika kwenye kundi kulinichukua siku mbili, maneno mawili tu: mimi nilikosea. Hapo hakuna aliyecheka, na wengine wawili wakaandika na wao. Kwao nilikwenda Jumamosi. Mama yake alikuwa barazani anabangua korosho, mikono meusi kwa utomvu. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu,” akasema, bila kuinua macho. Kumbe alijua yote. Aliniambia mwanawe alikuwa amemwomba amhamishie kwa shangazi yake Newala, na kwamba vile viatu vipya alivinunua yeye, kwa hela za korosho, ili mtoto apendeze altareni. Niliomba radhi mbele ya wote wawili. Dogo alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, mwisho akauliza kitu kimoja.

“Kaka, siku ile wewe uliona nini?”

“Sikuona kitu.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyokuwa akiirudiarudia.

Nimekuwa nikimfikiria Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Tunapenda kusema alikuwa mtakatifu wa gemu na kompyuta, tunabandika picha yake kwenye makava ya simu. Tunasahau kwamba gemu alijiwekea saa moja tu kwa wiki, kwa hiari yake. Zamani nilidhani ni kwa ajili ya muda. Sasa nadhani alijua kitu kuhusu namna mkono unavyozoea kubonyeza.

Bado tunacheza, Jumapili jioni, saa moja. Mgeni akija tunazunguka naye vyumba vyote kwanza, bwalo, silaha, usukani, ngao, mawasiliano, stoo, bila msaliti, mpaka aweze kuvitaja mwenyewe. Inachosha, raundi moja nzima inaliwa. Dogo alikuja wiki mbili zilizopita, akakaa pembeni na simu yake mfukoni, akatazama. Altareni hajarudi. Padre amesema kanzu yake ipo, haijapewa mtu.