Namba Ubavuni mwa Tairi

Mtu akisema neno ambalo kila herufi yake ni kweli, lakini akalisema ili mwenzake aelewe lisilo kweli, huyo amesema kweli au amedanganya? Swali la kale, na wazee wa dini zote wamekwisha kulijibu. Mimi lilinipata ukubwani, juu ya lami ya Houston, Marekani, helmeti mkononi, jasho linanitiririka. Chanzo chake kilikuwa matairi manne.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana najua wengi wenu mkisikia mashindano ya magari mnaona Safari Rally, vumbi tupu na watoto wanakimbilia barabarani. Otokrosi ya Marekani siyo hiyo. Watu wanakodi uwanja mkubwa wa kuegeshea magari, wanapanga koni za plastiki kama zile za trafiki, zinafanya njia inayopinda-pinda kama nyoka aliyetupiwa mawe. Gari linaingia, linapita, linatoka. Mara nyingi hata dakika haifiki. Saa inahesabu mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2, na sekunde 2 katika mchezo huu ni msiba. Zawadi ni kikombe kidogo. Ukimaliza zamu yako unavaa kizibao unakwenda kuokota koni za wenzako juani. Mchezo wa ridhaa kweli kweli.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tunafunga matairi kwenye gereji moja. Yeye alikuwa na Mazda MX-5 ya mwaka 1999, kigari cha watu wawili chenye paa la turubai. Watu wawili wanaruhusiwa kushindana kwa gari moja, basi tukashea. Na kwa kuwa sisi wenyewe ni mafundi wa tairi, kila jioni ilikuwa ubishi. Rimu zetu zilikuwa za inchi 15, upana inchi 6, na sheria ya daraja letu inakuruhusu kubadilisha rimu ila upana ubaki ule wa kiwandani. Kwa hiyo tulichoweza kupunguza ni uzito tu, na uzito wa rimu si mchezo: gurudumu zito linakataa kuondoka, likishaondoka linakataa kusimama. Kuna wanaoshindilia tairi pana sana kwenye rimu nyembamba kama hiyo. Tairi linavimba mbavuni, ukikata usukani linayumba kabla ya gari kutii. Sisi tuliishia 205/50R15. Upepo tuliupima kwa chaki: unapaka bega la tairi, unazunguka njia, halafu unatazama chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika kupita kiasi, tairi linalala ubavu, ongeza upepo.

Hayo yote hayakuniletea taabu ya moyo. Iliyoniletea taabu ni namba.

Karibu kila tairi la gari dogo linalouzwa Marekani limechapwa ubavuni namba ya kudumu kwake. Utaratibu ni wa serikali. Tairi linapimwa kule San Angelo, Texas hiyo hiyo, kwenye magari yanayokwenda kwa msafara katika barabara za kawaida mpaka yatimize maili 7,200, yaani kilomita 11,500 na ushee. Kisha kulika kwake kunalinganishwa na kulika kwa tairi la kipimo. Namba 100 ndiyo msingi. Mia mbili maana yake linadumu mara mbili ya hapo. La gari la familia utalikuta na 500 au zaidi. La mashindano hasa linaweza kuwa na 40. Lakini ile namba haichapwi na serikali. Anayeipanga na kuichapa ni mwenye kiwanda.

Sasa watunga sheria wa otokrosi waliona hivi: mpira laini unashika lami lakini unakwisha upesi, mpira mgumu unadumu lakini unateleza. Basi wakasema, katika madaraja ya magari ya barabarani, tairi lisipungue 200. Nia ilikuwa njema. Mtu aje na gari lake la kuendea kazini, asije akashindwa na tajiri aliyefunga tairi laini kama jojo.

Viwanda havikulala. Leo liko kundi zima la matairi ya namba 200 yaliyobuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Barabarani ni halali. Mifereji ya maji yanayo, ingawa michache. Yakipata moto kidogo yananata mpaka changarawe zinaganda. Na kwa kuwa tuliendesha wawili, zamu kwa zamu, ilibidi tuyamwagie maji yasizidi joto. Msimu mmoja mgumu, kashata kwisha.

Je, kiwanda kimedanganya? Zamani ningesema ndiyo bila kufikiri. Siku hizi nasita. Kule San Angelo tairi linakwenda mwendo wa kistaarabu, hakuna anayelikatia kona kama mwendawazimu. Linaweza kustahili 200 yake kwa haki kabisa huko, kisha likayeyuka kwenye koni. Sheria inaliuliza tairi: wewe ni wa barabarani au wa mashindano? Tairi linajibu: mimi nadumu mara mbili ya msingi. Jibu ni sahihi, ila swali lilikuwa jingine. (Nyie mnaoandika mnaijua hii. Mara ngapi tumeona kwenye jalada maneno "kisa cha kweli", yaliyochapwa na yule yule anayetaka kitabu kiuzike? Na mimi muswada wangu, hata sura ya nne haijafika, nimekwisha kuuandikia maneno ya jalada la nyuma.)

Katika daraja letu alikuwapo mzee mmoja mwenye Mazda kama yetu. Matairi yake yalikuwa ya namba 500, ndiyo yaliyomleta kutoka kwake na ndiyo ya kumrudisha. Jamaa anaendesha, jamani! Koni anazipita karibu mpaka unafumba macho, mkono umetulia, gari halipigi kelele. Mimi nilikuwa nafika kwenye kona nimechelewa, navuta usukani kwa pupa, na mpira unanisamehe. Siku hiyo nilipata sekunde 41.206. Yeye 41.530.

Akaja kunipa mkono. "Kijana, umeendesha vizuri. Umefunga matairi gani?"

Nikamjibu bila kupepesa: "Ya barabarani tu, mzee."

Angeinama angesoma mwenyewe. Hakuinama, aliniamini.

Mwenzangu nilipomweleza dhamiri inanisuta alicheka. Sheria imeruhusu, akasema. Duka liko wazi, nani kamkataza yule mzee asinunue? Hoja hiyo nimeigeuza sana kichwani na nusu yake naikubali. Hakuna mchezo usiokuwa na kitu cha kununuliwa, hata anayekimbia kwa miguu kuna aliyemnunulia viatu. Sioni dhambi katika kununua lile tairi, na ningelinunua tena. Wala sidhani kwamba mzee alidhulumiwa kikombe. Kosa halikuwa kwenye mpira. Lilikuwa kwenye lile "tu". Liondoe, na jibu langu linabaki kweli tupu. Liweke, na mzee anaondoka akiamini kwamba kijana amemzidi mkono, kumbe kamzidi mfuko. Ni silabi moja, na niliichagua mwenyewe, hakuna kiwanda kilichonichapia.

Mashindano yalipokwisha waliturudisha kwenye koni kwa kujifurahisha. Nikamwomba mwenzangu ufunguo, akanipa kwa shingo upande. Nikamfuata mzee, nikamwinamisha mpaka ubavuni mwa tairi, nikamwonyesha namba, nikamwambia chukua gari. Alivaa helmeti yake akaingia. Alitoka na 40.1.

Alishuka anacheka kama mtoto. Akauliza bei. Nikamwambia, yote manne dola 760. Akapiga mluzi, akatazama juu, ambako wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, akasema nyumbani kwake ni mbali. Akatupa mkono wote wawili, akaenda.

Mvua ilitukuta barabara kuu. Tairi lile lilikuwa limebakiza mifereji ya kuhesabu, na maji yakisimama barabarani gari linaelea kama mtumbwi, kwa hiyo mwenzangu aliendesha polepole mno, amekumbatia usukani, magari ya familia yanatupita kulia na kushoto na kuturushia maji.

"Sasa ulimwambia ya nini?" akaniuliza.

Nilikuwa bado natafuta jibu wakati Mazda ya mzee ilipotupita. Alitupigia honi mara mbili.