Giza Tulilolileta Wenyewe

Wapendwa Wakristo wa mtaa wetu,

 Tuliombwa tuandike neno fupi kwa majira haya ya kiangazi, nasi tulikusudia kusema habari za wale wanawali kumi na taa zao. Lakini jioni ile tulipokaa mezani kuandika, umeme ulizimika, na mawazo yetu yakaenda kwingine. Basi mtatuwia radhi. Tutaanza na giza, ndipo tufike kwenye taa.

Sisi tuliofundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi tuna tabia moja isiyotutoka hata baada ya kustaafu: tunasikiliza vitenzi. Hapa Viwanja Sitini umeme unapopotea, watu husema kwa njia mbili. Mmoja husema, "Umekatika." Hiyo ni kauli ya kutendeka; jambo limetokea, na mtendaji hatajwi. Mwingine husema, "Wamekata." Huyo amemtaja mtendaji, naye ni "wao", watu wa mbali wenye funguo za mitambo. Katika miaka yote tuliyokaa Ifakara hatujasikia mtu akitoka nje ya mlango wake na kusema, "Tumeukata." Nafsi ya kwanza wingi haipo katika mazungumzo hayo. Ndiyo tunayotaka kuisema leo, na inatupasa tuanze na sisi wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2021. Tuna shamba dogo la mpunga bondeni, na nyaya za umeme hupita pembeni mwake juu ya nguzo za miti. Mabua yalikuwa yamekauka sana, na mvua zilikuwa karibu. Asubuhi, kama saa nne, tulitia moto pamoja na mjukuu wetu. Hatukulima barabara ya moto; tulidhani njia ya miguu ingetosha. Hatukumwita jirani yeyote. Moto ulipopungua tulikwenda kivulini kula chakula. Mchana upepo ukageuka. Tulipoinuka, moto ulikuwa umevuka njia na kuingia kwenye majani marefu chini ya nyaya. Nguzo mbili ziliungua tangu chini, na moja ikaanguka. Tulirudi nyumbani kimya.

Siku tatu sehemu yetu ilikaa gizani. Mashine za kukoboa mpunga zilisimama na magunia yakapangwa nje. Vijana wa kuchomelea vyuma walikaa bila kazi. Na mama mmoja mjane wa kanisa letu, ambaye huuza samaki wa mtoni, alikuwa na jokofu lililojaa. Siku ya tatu aliwachimbia shimo nyuma ya nyumba, akawafukia.

Jumapili baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa kama ilivyo desturi. Mama yule alilia mbele ya watu, kwa kuwa mtaji wake wote ulikuwa katika jokofu lile. Kila mtu akasema, "Wamekata, hawana huruma hawa watu." Nasi tukasema vivyo hivyo. Naam, tulisema kwa sauti. Tulipokuwa njiani kurudi, mjukuu wetu, aliyekuwa darasa la nne, akatuuliza, "Babu, si ule moto wetu?" Tukamwambia anyamaze. Sisi tuliowaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo, tulimfundisha mtoto wetu siku ile kunyamaza juu ya kweli.

Tulikaa na jambo hilo hadi Kwaresima ya mwaka 2022. Mnajua kwamba katika Kitabu cha Sala ungamo la wote limewekwa katika nafsi ya kwanza wingi. Kanisa halisemi "wamekosa"; husema kwamba sisi tumekosa. Tulikuwa tumelisema tangu utoto, lakini Jumapili moja maneno hayo yalikwama kooni. Jumatatu tukaenda kwa mama yule. Alituamkia kwa heshima kama kawaida, akatupa kigoda. Tulipomaliza kueleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Samaki huharibika, Mwalimu. Lakini siku ile ulinisikia nikilia, nawe ukanyamaza." Hakuongeza neno, wala hakuhitaji. Tulimlipa kidogo kidogo kwa mpunga na kwa pensheni. Tulikwenda pia ofisini kunakohusika tukajieleza, na yaliyofuata tuliyapokea kuwa ni haki yetu.

Ndugu zetu, somo hili limo katika Maandiko waziwazi kuliko tulivyodhani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aya ya 6, Torati inasema habari za moto unaoanza katika miiba, kisha ukafika kwenye miganda ya nafaka, au mazao yasiyovunwa, au shamba la mtu. Tazameni kwamba sheria ile haiulizi kama mwashaji alikusudia, wala haiulizi habari za upepo. Inamwagiza aliyewasha moto alipe. Sisi tulikuwa tumejitetea moyoni kwa kusema, "Ni upepo." Musa aliujua upepo wa jangwani kuliko sisi, lakini hakuukubali uwe shahidi wa utetezi. Mungu hutuhesabia si lile tulilokusudia tu, bali pia lile ambalo tungaliweza kulizuia tukaona uvivu.

Tena jambo hili si la bonde letu peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la California, tarehe 8 Novemba 2018, kulabu ya chuma iliyochakaa ilikatika kwenye mnara wa nyaya za umeme zilizowekwa karibu miaka mia moja kabla yake. Waya ukaachia cheche juu ya majani makavu, na upepo ulikuwa mkali. Mji uitwao Paradise, jina lenye maana ya Paradiso, uliteketea, na watu 85 walikufa katika moto ule. Mwaka 2020 kampuni ya umeme, Pacific Gas and Electric, ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Kwa hofu ya moto wa namna hiyo, kampuni ilizidisha desturi ya kuzima umeme kwa makusudi kila upepo mkavu unapotabiriwa. Katika Oktoba 2019 mamia ya maelfu ya nyumba yalizimiwa, mengine kwa siku kadhaa.

Je, lilikuwa jambo jema? Watu wa huko waligawanyika. Giza la siku mbili ni afadhali kuliko mji kuwa majivu. Hilo halina ubishi. Lakini giza lile halikuwalemea wote sawasawa. Tajiri aliwasha jenereta yake. Mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine, mzee mwenye dawa ya kisukari katika jokofu, na mkulima mwenye pampu ya kisima ndio walioubeba mzigo. Wengi waliuliza pia kwa nini nyaya hazikutunzwa mapema, hata ikabidi raia walipe kwa giza lile ambalo kampuni ilipaswa kulilipa kwa matengenezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi anayeujenga ukuta si yule aliyeuacha ufa.

Kwetu mambo yamegeuka kichwa chini. Kule waya huwasha moto. Huku moto wetu hula nguzo. Shirika la TANESCO limewaonya wananchi mara nyingi katika mikoa mbalimbali kwamba moto wa mashamba huteketeza nguzo. Na inapotangazwa kwamba umeme utazimwa tangu asubuhi hadi jioni ili mafundi wakate matawi na kusafisha njia ya nyaya, twanung'unika kana kwamba tumeibiwa. Wapendwa, tujifunze kupambanua giza na giza. Liko giza linaloletwa na uzembe, halina taarifa wala mwisho unaojulikana. Na liko giza la saa chache lililotangazwa, ili lile kubwa lisije. Mkulima anapopogoa mzabibu huukata, lakini si kwa chuki. Bwana wetu ametueleza hayo katika Yohana, sura ya 15. Hata hivyo yeye aliye na kisu naye ana wajibu: atangaze mapema, aseme kweli juu ya saa, na amalize kazi aliyosema ataifanya.

Liko na jambo lingine ambalo watu wa Kilombero yatupasa kulijua zaidi ya wengine. Umeme wa nchi hii kwa sehemu kubwa hutokana na maji ya kwetu. Kituo cha Kidatu kina megawati 204, na cha Kihansi 180. Mto wetu Kilombero huungana na Luwegu, ndipo unapozaliwa Mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili. Huko chini limejengwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Twakumbuka mgawo wa mwaka 2006 na wa 2011, ukame ulipoyashusha maji ya mabwawa. Na maji hayo hutunzwa na misitu ya Udzungwa na milima mingine inayotuzunguka. Mtu atiaye moto nyikani akapanda nao hadi msituni anachoma nguzo ya leo, na anachoma pia maji ya mjukuu wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu moto, lakini Mkristo hapaswi kungoja askari ndipo ampende jirani.

Basi tufanye nini? Tungependa kusema mambo machache ya kutendeka, maana mahubiri yasiyo na kazi ni kama taa isiyo na mafuta.

Kwanza, kabla ya kutia moto shambani, tujiulize kama ni lazima. Mabua hulishwa ng'ombe, huoza na kuwa mbolea, hufunika bustani. Ikiwa ni lazima, tupate kibali, tulime barabara ya moto pande zote, tufyeke majani yanayozunguka nguzo, tuwaite majirani, tuchague saa ya utulivu wa upepo, wala tusiondoke mpaka majivu yamepoa. Chakula kitangoja.

Pili, tangazo la kuzimwa umeme linapotoka, kanisa lisiwe mahali pa kunung'unika tu. Tunawaomba ndugu zetu wa Umoja wa Mama na wazee wa kanisa waandike orodha ndogo: nani ni mgonjwa, nani anatunza dawa kwenye baridi, nani anaishi peke yake, nani mtaji wake umo ndani ya jokofu. Mtu mmoja apewe nyumba mbili au tatu za kupitia siku hiyo. Twaangalie pia watoto wanaosoma kwa kibatari, maana kibatari karibu na chandarua kimewahi kuleta msiba mkubwa kuliko giza lenyewe.

Tatu, aliyekosa na aseme. Hatusemi hili kwa wepesi, kwa kuwa sisi wenyewe tulichelewa miezi mitano. Zakayo hakungoja kuulizwa. Alisimama nyumbani mwake akasema atarudisha mara nne. Wokovu uliingia katika nyumba ile siku hiyohiyo. Tuliogopa kwamba tukisema tutapoteza heshima ya ualimu. Tuliyoipoteza ni ile heshima iliyokuwa imekwisha kuoza, kama samaki wale.

Sasa twafika kwenye taa za wanawali. Watu wengi huona shida kwamba wale wenye busara walikataa kugawa mafuta yao. Nasi tuliona shida hiyo tulipokuwa vijana chuoni. Lakini yako maandalizi yasiyoazimika usiku wa manane. Huwezi kuazima barabara ya moto wakati moto umekwisha kuvuka. Huwezi kuazima ukweli ambao hukuusema ulipopasa. Hayo hutafutwa mchana, duka lingali wazi. Ila nuru ya taa iliyowashwa haikatazwi kumwangazia jirani, na kwa kumwangazia haipungui hata kidogo.

Mama yule bado anauza samaki, na Jumapili hukaa kiti cha mbele yetu. Mwezi uliopita, umeme ulipozimwa kwa matengenezo, mjukuu wetu, ambaye sasa ni kijana, alimpelekea barafu kabla hatujamtuma. Aliporudi tulimuuliza kwa nini hakusubiri kuambiwa. Akajibu, "Tangazo nilisikia, Babu." Tukanyamaza, ila safari hii kwa sababu njema.

Katika Sala ya Jioni iko sala fupi ya tatu, ambayo kwayo tunamwomba Mungu atuangazie gizani na kutulinda na hatari za usiku. Tuisali kila jioni katika kiangazi hiki, umeme uwepo au usiwepo. Tuisali kwa ajili ya mafundi wanaopanda juu ya nguzo, kwa ajili ya wagonjwa, na kwa ajili ya kila mwenye kiberiti mkononi. Naye Mungu, aliyesema nuru iwe ikawa, atujalie kuwa wana wa nuru hata taa zote za mji zinapozimika. Amina.

Ni sisi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Viwanja Sitini