Neno "Mchumba" Lamfunga Nani?

Wafaransa wana neno la mwanamume aliyeposa na la mwanamke aliyeposwa, nayo yatofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Kiswahili hakikuona haja hiyo. Kwetu wote wawili ni wachumba, wala jina halisemi ni yupi wa kiume na yupi wa kike.

Lakini vitenzi vyetu havikubaliani na jina hilo. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Yeye huchumbia, mwenzake huchumbiwa. Kwa kusikia hivyo tangu utotoni, watu wengi wamezoea kudhani ya kuwa uchumba ni kifungo cha mwanamke peke yake. Binti aliyeposwa akisimama sokoni na kijana mwingine, habari zawafikia wakwe kabla ya jua kuchwa. Kijana aliyemposa akifanya hayo hayo, watu hucheka na kusema bado hajaoa. Sisi twaona jina lina haki kuliko vitenzi: mchumba ni mchumba, awe mume au mke.

Zamani kijana hakujipa jina hilo mwenyewe. Mshenga alitumwa, posa ikapelekwa, wazee wakakaa wakajibu, kikatolewa kishika uchumba. Ndipo watu walipoanza kusema fulani ana mchumba. Leo vijana hukutana mjini, kazini au chuoni, na pengine mwezi haujaisha mmoja amwita mwenzake mchumba. Hatulaumu vijana kuchaguana wenyewe. (Wazee wanaolia kwamba zamani kila ndoa ilikuwa njema wamesahau mengi.) Tunalolaumu ni hili: masikioni mwa binti na mama yake neno lingali na uzito wake wa kale, na kinywani mwa kijana limekuwa jina la kubembelezea tu. Binti akataa posa nyingine kwa ajili ya neno hilo. Angoja mwaka, angoja miwili. Kijana ajua kwamba angoja, naye ananyamaza.

Atajitetea kwamba uchumba si ndoa. Ni kweli. Kwa Wayahudi wa siku za Yosefu na Maria posa ilifunga hata kuivunja kulihitaji talaka, kwetu sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka ahadi ya uchumba iandikwe na kutiwa sahihi, lakini hata hivyo haikumpa mtu haki ya kumshtaki mwenzake ili alazimishwe kufunga ndoa. Sheria ya mwaka 1983 nayo haimpi mtu haki hiyo, ila zote mbili zaacha nafasi ya kudai fidia ya hasara. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yaruhusu fidia kwa aliyevunjiwa ahadi, isizidi gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi hiyo.

Je, ahadi isiyoweza kulazimishwa ni ahadi gani? Twajibu kwamba halazimishwi kwa sababu ndoa yataka ridhaa iliyo huru mpaka dakika ya mwisho, wala si kwa sababu hakuahidi kitu. Uhuru huo wamruhusu kurudi nyuma. Haumruhusu kurudi nyuma kimya kimya, kubadili namba ya simu, au kumwacha binti apate habari kwa matangazo ya ndoa ya mwingine. Aliyetuma mshenga amtume tena, au afadhali aende mwenyewe, aseme kwa kinywa chake mbele ya wale wale aliowaomba.

Hapo wazazi wa kijana wana kazi, nao mara nyingi huikwepa. Kishika uchumba hudaiwa, na ile sheria ya 1971 yaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa isiyofungwa. Wazee waweza kubishana juu yake jioni nzima. Miaka aliyongoja binti hakuna anayeitaja katika hesabu hiyo, na baba wa kijana ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuitaja.