Hofu na Hiari katika Ngano za Wakamba
Je, atendaye wema kwa kuogopa ni mwema? Swali hili limo katika ngano za Wakamba wa Machakos na Kitui, ambazo baadhi yake John Mbiti alizichapisha mwaka 1966. Neno aimu hutumika kwa mizimu ya wazee na pia kwa mazimwi ya hadithini. Hivyo familia iingiayo msituni huogopa kilicho cha ukoo wake. Katika ithembo, mahali pa matambiko, kukata mti kulikuwa mwiko: onyo lilitangulia adhabu. Kitisho cha ghafla humpokonya mtu hiari. Taharuki ijengwayo polepole humwachia nafasi ya kurejea. Akirudi, wema wake ni wa kuchagua. Akiendelea, hatia yake haiwezi kubebeshwa msitu.