Haki ya Ukuta na Haki ya Jirani

Katika mji wa Singida, kati ya majabali yake na maziwa ya Singidani na Kindai, ua wa minyaa wazidi kuachia nafasi ukuta wa matofali. Hatuwalaumu wajenzi. Aliyetoka jasho kujipatia nyumba anastahili kulala pasipo hofu. Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 yamkubalia kila mtu kumiliki mali, na hifadhi ya mali hiyo kwa mujibu wa sheria. Baba Mtakatifu Leo wa 13 naye aliitetea haki hiyo mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum.

Lakini twauliza: haki hiyo yafika wapi? Je, mwenye kiwanja aweza kumtenda aliyeingia lolote apendalo?

Sheria yenyewe yakataa. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu chatazama nia ya aliyeingia: je, amekuja kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi? Mtoto anayemfuata mbuzi wake, au bibi akatizaye na mzigo wa kuni, hana nia hiyo. Na hata mwenye nia mbaya, sheria yaruhusu azuiwe kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Basi, amkamataye mwizi wa kuku kisha akapiga mayowe ili umati umwue, halindi mali tena. Kuku hulipwa, uhai haulipwi.

Tena tukumbuke kwamba, kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi yetu ni ya umma, nayo imo mikononi mwa Rais kama mdhamini. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia, hakuiumba. Maziwa yale mawili yana maji ya chumvi, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye kisima si jambo dogo. Azibaye njia iliyozoeleka miaka mingi, bila kuzungumza na majirani, aweza kuwa na ramani upande wake, lakini amewatwika wenzake mzigo ambao angeweza kuwaondolea kwa kuacha upenyo wa hatua mbili.

Mtu atasema: nikimruhusu mmoja leo, kesho watapita kumi, na kesho kutwa ng'ombe. Neno hilo ni la kweli. Mchungaji aingizaye mifugo katika alizeti au vitunguu vya mwenziwe ameharibu kazi ya mwaka mzima, naye hana budi kulipa. Torati ya Musa ilipima vyema: mpita njia aliruhusiwa kula zabibu za jirani hata ashibe, asitie chomboni, aliweza kukwanyua masuke kwa mkono, asitumie mundu. Mwenye shamba alitakiwa kuvumilia njaa ya mwenziwe, na mwenye njaa alikatazwa kugeuza huruma ile kuwa mavuno.

Basi wazazi wawafundishe watoto kupiga hodi na kungoja jibu. Wenye viwanja nao, wakimkuta mtu ndani, wamwulize kwanza haja yake kabla ya kushika rungu. Akiwa mkosaji, wampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, akiwa mzima.