Dawa ya kuondoa njaa: Tiba au dhulma kwa nafsi?

NJAA si jambo la mzaha kwa mtu wa Mahege. Huyo ni mtu wa Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji, nchi ya mpunga, nazi, korosho na samaki, ambako chakula cha mwaka mzima kinategemea mto. Mto ukipanda kwa kiasi huacha rutuba, na maji yakishuka watu hulima mlau. Ukipanda kupita kiasi, kama ilivyotokea Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, mashamba huzama na jasho la mwaka huenda na maji. Ndiyo maana mkulima wa huko yuko radhi kuhamia shambani na kulala juu ya dungu, akilinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na ndege, ili watoto wake wasilale na njaa.

Sasa tuwatazame wajukuu wa wakulima hao. Wengi wako Dar es Salaam, Mbagala na Temeke, mwendo wa saa chache tu kwa basi kwa barabara ya Kilwa. Baadhi yao leo wanaulizia madukani dawa ya kuwafanya wasisikie njaa. Bibi kijijini anaomba dua njaa isimfikie. Mjukuu mjini chakula anacho, lakini anatoa fedha ili asikitamani. Aliye kijijini akisikia habari hii atacheka, na pengine atakasirika.

Ndugu msomaji, kabla hatujacheka wala kukasirika, tujiulize swali lenyewe. Mtu anayeinyamazisha njaa yake kwa dawa anajitibu, anakwepa wajibu wa kujizuia, au anaidhulumu nafsi yake? Swali hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika Tanzania, kati ya kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 34 walikuwa wamedumaa. Nchi moja, mwaka mmoja, huku shibe iliyozidi na huku lishe iliyopungua.

Dawa hizi zinafanya nini?

Dawa za kupunguza hamu ya kula ni za namna mbalimbali. Zipo za zamani kama phentermine, iliyoruhusiwa Marekani tangu mwaka 1959 kwa matumizi ya muda mfupi. Hiyo huuchangamsha ubongo hadi njaa inasahaulika, lakini huweza pia kuupeleka moyo mbio, kupandisha shinikizo la damu na kuondoa usingizi. Zipo za siku hizi kama semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki, ambayo Marekani iliiruhusu kwa ajili ya unene mwezi Juni 2021. Hii huiga homoni inayotolewa na utumbo baada ya mtu kula. Tumbo huchelewa kumwaga chakula, na ubongo hupata habari kwamba mwenye tumbo ameshiba.

Je, zinapunguza uzito kweli? Tuseme kwa uadilifu: ndiyo. Katika majaribio ya semaglutide yaliyochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Wote walipewa ushauri wa kula vizuri na kufanya mazoezi. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Maana yake mtu wa kilo 100 alifika kwenye 85, na mwenzake aliyeshika ushauri bila dawa akabaki kwenye 97 au 98.

Lakini habari haiishii hapo. Baadhi ya watu hao walifuatiliwa mwaka mmoja zaidi baada ya kuacha sindano. Walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Njaa ilikuwa imenyamazishwa tu, haikuwa imeondoka.

Wanaosema mnene ni mroho

Wapo miongoni mwetu wanaolijibu swali letu haraka. Wanasema unene ni uroho, na uroho dawa yake ni kufunga mdomo. Anayekimbilia sindano hana subira. Maneno haya husemwa barazani, husemwa kwenye shughuli, na wakati mwingine husemwa msikitini kwa jina la nasaha.

Tulipime neno hili kwa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1994 wataalamu wa New York waligundua homoni inayoitwa leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa ili kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walitoa taarifa ya msichana wa miaka tisa aliyekuwa na uzito unaozidi kilo 90. Mtoto huyu alizaliwa bila uwezo wa kutengeneza homoni hiyo. Alikuwa akila na bado ana njaa, kwa sababu ubongo wake haukupata kuambiwa kwamba ameshiba. Walipomchoma leptini, hamu ya chakula ilishuka, na katika mwaka mmoja alipungua kilo 16 hivi.

Tujiulize: kabla ya sindano ile, mtoto yule alikuwa mroho? Na baada yake, alipata ucha Mungu ghafla? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Alikuwa na njaa inayosema uongo, na dawa iliusahihisha uongo huo.

Ni kweli kwamba wenye upungufu wa leptini wa namna ile ni wachache sana duniani. Hatuwezi kusema kila mnene wa Mbagala ana ugonjwa huo. Lakini kisa chake kinatufundisha kwamba nguvu ya njaa haikugawanywa sawa kwa waja. Yuko anayepita mbele ya chipsi mayai bila kugeuza shingo, naye hujiita mwenye subira, kumbe hajapewa mtihani wowote. Yuko mwingine anayepambana na tumbo lake tangu alfajiri hadi usiku, akashinda mara tisa na kushindwa ya kumi, naye ndiye anayeitwa mroho. Ni nani kati yao amejitahidi zaidi? Mizani ya chuma hupima kilo, haipimi juhudi.

Wanaosema dawa ni dawa

Upande wa pili wapo wanaosema hapa hakuna swali lolote. Dawa ipo, inafanya kazi, mwenye fedha anunue. Hawa nao wanakosea, kwa sababu mbili.

Kwanza ni madhara. Historia ya dawa hizi imejaa watu waliolipia haraka yao. Mwezi Julai 1997 hospitali ya Mayo huko Marekani ilitoa taarifa ya wanawake 24 walioharibika valvu za moyo baada ya kutumia mchanganyiko wa fenfluramine na phentermine ili wapungue. Septemba ya mwaka huo fenfluramine ikaondolewa sokoni. Ikaja sibutramine, nayo ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Na tangu Desemba 2008 wakaguzi wa Marekani walikuwa wakitangaza vidonge vya kupunguza unene, vingine vikiuzwa kwa jina la miti shamba, ambavyo ndani vilifichwa sibutramine. Mnunuzi alidhani anakunywa majani, kumbe anakunywa dawa ya moyo kwenda mbio. Hata semaglutide haikusalimika. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo zimeingiliwa, anayenunua sindano kwa mtu asiyemjua huku kwetu anategemea nini?

Sababu ya pili ni nia. Dawa ile ile inaweza kumfaa mtu mmoja na kumdhulumu mwingine, kulingana na kile inachokwenda kukinyamazisha.

Njaa ni mjumbe

Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Njaa si dhambi wala si fadhila. Njaa ni mjumbe. Mwili unauhitaji wake, na njaa inakuja kusema. Mjumbe akisema kweli, haki yake ni kusikilizwa. Mjumbe akiwa amechanganyikiwa, akitangaza njaa nyumbani kwenye ghala lililojaa, kumtuliza si dhulma.

Watu wetu wanaujua mfano wa mirungi. Anayetafuna mirungi hukaa kutwa bila kusikia njaa. Je, ameshiba? Hajashiba, hajala. Mjumbe wake amezibwa mdomo, na mwili unaendelea kudhoofu kimya kimya. Binti mwenye uzito wa kawaida anayetafuta vidonge ili aingie kwenye gauni la harusi anafanya jambo la namna hiyo hiyo. Njaa yake inasema kweli, naye anaitia kitambaa mdomoni kwa sababu ya macho ya watu.

Wanazuoni wetu walilizungumza jambo hili kabla dawa hizi hazijakuwapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya kitabu kizima juu ya kuvunja matamanio mawili, la tumbo likiwa mojawapo. Ameisifu sana njaa humo. Lakini alipofika mwisho akaeleza kwamba makusudio ni wastani: mtu ale kiasi cha kutosikia uzito wa tumbo wala maumivu ya njaa. Na katika Bukhari imo habari ya Salman alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta amezama katika saumu na kisimamo hadi amemsahau mkewe. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake naye ale, akamkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake. Bwana Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya ibada ya sunna, haki hiyo haiwezi kupotea mbele ya gauni.

Basi tofauti iko wazi. Madaktari wenyewe wameweka mpaka. Semaglutide ya unene imekusudiwa mtu ambaye kilo zake, zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, zinafika 30, au 27 akiwa na maradhi yanayotokana na uzito, kama kisukari au shinikizo la damu. Mtu wa namna hiyo, magoti yanauma, sukari iko juu, amejaribu na kushindwa, akiandikiwa na daktari anayemfuatilia, yuko kwenye tiba. Hana cha kuona haya. Anayemcheka kwa kuwa amechoma sindano amcheke basi na anayevaa miwani.

Mwenye shibe na mwenye njaa

Linabaki jambo moja, nalo linaturudisha Rufiji. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Saumu iliwekwa, pamoja na hekima zake nyingine, ili mwenye shibe aonjeshwe. Kwa mwezi mmoja tajiri wa Upanga anasikia tumboni anachokisikia mkulima ambaye mto umechukua mpunga wake. Sasa imekuja shibe ya sindano, isiyohitaji hata chakula. Mwenye kuitumia kwa haki ajihadhari nayo kwa upande huu: mwili wake usipomkumbusha njaa, itabidi akumbuke kwa hiari. Asisubiri tumbo limwambie kwamba kuna watu hawajala.

Na jambo hili lina sura ya haki za watu pia. Semaglutide ilianza kama dawa ya kisukari. Kuanzia mwaka 2022 ilipopata umaarufu wa kupunguza unene, ilipungua duniani, na wagonjwa wa kisukari katika nchi nyingi wakakosa dozi zao. Marekani ilitangaza upungufu huo umekwisha Februari 2025 tu. Kwa hiyo aliyeitumia kwa urembo katika miaka ile hakujidhulumu peke yake. Alikuwa mbele ya foleni ya mtu aliyeihitaji ili aishi.

Tufanye nini? Mwenye uzito unaomuumiza aende hospitali, apimwe, aulize madhara, aulize pia atafanya nini siku atakapoiacha dawa. Asinunue vidonge vya mtaani, na akitilia shaka bidhaa aulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwenye uzito wa kawaida aiache njaa yake ifanye kazi yake. Wenye shughuli tuache kumlazimisha mtu sinia la pili kisha kumsengenya kwa unene akishaondoka. Na aliyepunguza matumizi ya chakula nyumbani, kwa dawa au kwa kujizuia, ajue kuwa kilichobaki kina mwenyewe. Basi za Kibiti zinaondoka Mbagala kila siku, na bibi aliyepoteza mpunga hahitaji maelezo marefu juu ya homoni. Anahitaji gunia.

Wallahu a'alam.